Sura ya Nne: Shilingi Moja Mlangoni

Kiingilio kilikuwa shilingi moja kwa mwanachama. Mwaka 1961 shilingi ya Uingereza na ile ya Afrika Mashariki zilikuwa na thamani moja, kwa hiyo karani wa bandari ya Tanga au Mombasa angeweza kutoa sarafu mfukoni na kujua sawasawa msichana wa Liverpool alikuwa anaacha nini mlangoni mwa klabu ya Cavern, saa sita mchana, ili akawasikilize Beatles. Alikuwa katika mapumziko ya kazi. Angeshuka ngazi kumi na nane, atafute kiti kama kipo, anunue supu na mkate, asikilize, kisha apande tena barabarani na kurudi ofisini akiwa ananuka. Wenzake hawakuhitaji kumuuliza alikuwa wapi. Harufu ya Cavern, yaani jasho, moshi wa sigara, dawa ya vyooni na matunda yaliyooza kwenye maghala ya jirani, iliingia kwenye koti na kwenye nywele na kukaa humo.

Vitabu vingi kuhusu Beatles huingia Cavern pamoja na tajiri aliyekuja kuwa meneja wao. Tajiri huyo, Brian Epstein, mwenye duka la sahani za muziki la NEMS hatua chache kutoka hapo, alishuka zile ngazi tarehe 9 Novemba 1961. Kufikia siku hiyo wasichana wa mchana walikuwa na miezi tisa wakiijua bendi hii: nani anaimba nini, nani hula jukwaani, nani ana mzaha wa kuchoma, wimbo gani uombwe na uombwe kwa nani. Nitakaa nao hao kwanza. Epstein atasubiri, kama alivyosubiri kweli.

Klabu yenyewe ilikuwa chini ya ghala namba 10, Mtaa wa Mathew, uchochoro wa katikati ya jiji uliojaa maghala ya matunda na mboga. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia watu walijikinga humo ndege za Wajerumani zilipoipiga Liverpool mabomu. Kisha akaja Alan Sytner, kijana mpenda jazz aliyevutiwa na klabu za chini ya ardhi za Paris, hasa Le Caveau de la Huchette, akaifungua Cavern tarehe 16 Januari 1957. Jazz tu. Agosti ya mwaka huo alikaribishwa humo John Lennon, mwenye umri wa miaka 16, na kikundi chake cha wanafunzi kilichoitwa Quarrymen, wapige skiffle, muziki wa magitaa na ubao wa kufulia ambao watu wa jazz waliuvumilia. Lennon akaingiza nyimbo za Elvis Presley. Sytner akampelekea kikaratasi jukwaani, kwa lugha isiyo ya adabu, akimwamuru aachane na rock.

Rock iliruhusiwa baadaye kwa sababu ile ile inayobadilisha kumbi nyingi: jazz haikujaza viti vya kutosha. Ray McFall, mhasibu aliyeichukua klabu mwaka 1959, aliipa rock usiku wake wa kwanza Mei 1960, akiita vikundi kama Rory Storm and the Hurricanes, ambao mpiga ngoma wao alikuwa kijana mwenye pete nyingi aitwaye Ringo Starr. McFall akaona pia jambo ambalo Sytner hakuwa amelitumia ipasavyo. Juu ya handaki lake, kila mchana, maelfu ya vijana wenye mshahara mdogo walikuwa wanatafuta pa kupotezea saa moja.

Niseme jinsi palivyokuwa, maana umbo la mahali ndilo lililoamua karibu kila kitu. Palikuwa na mahandaki matatu ya matofali yaliyolala sambamba, kila moja na dari la tao, upana kama mita tatu na urefu kama mita thelathini, yakiunganishwa na milango ya matao. Jukwaa dogo la mbao lilikuwa mwisho wa handaki la katikati. Mbele yake safu za viti vya mbao, na mahandaki ya pembeni yakabaki kwa wanaosimama na wanaocheza, kama nafasi ilikuwepo. Madirisha, hakuna. Mashine ya kuvuta hewa, hakuna. Pombe, hakuna, kwa kuwa leseni haikuwepo. Kaunta iliuza chai, kahawa, supu na Coca-Cola. Watu mia kadhaa wakishabanana humo, pumzi zao zilipanda darini, zikapoa kwenye matofali na kurudi chini kama matone, yakichukua na chokaa ya rangi ya dari. Matone hayo yaliangukia mabega ya makoti meusi. Yaliangukia amplifaya pia, na fyuzi zikaungua.

Fyuzi ikiungua, hapo ndipo ungejua umekuja kuona bendi ya namna gani. Katika ukumbi mkubwa umeme ukikatika watu hupiga mluzi na kudai fedha zao. Humo Lennon alianza utani, na Paul McCartney alikaa kwenye piano kupiga vijinyimbo alivyokuwa ametunga tangu ujana, kimojawapo kikiwa ni wimbo ambao dunia ilikuja kuusikia mwaka 1967 kwa jina la When I'm Sixty-Four. Msichana wa shilingi moja alikuwa ameshausikia kitambo, bure, akimngoja mtu mwenye waya.

Beatles walifikaje hapo? Kwa msaada wa mwanamke mmoja ambaye historia imemlipa kidogo. Mona Best, mzaliwa wa Delhi, alikuwa amefungua klabu ya kahawa katika chumba cha chini cha nyumba yake huko West Derby, tarehe 29 Agosti 1959. Aliiita Casbah, na siku ya ufunguzi walipiga Quarrymen. Mwanawe Pete alikuja kuwa mpiga ngoma wa kikundi hicho mara baada ya kubadilisha jina kuwa Beatles. Ni Mona aliyemsumbua McFall kwa simu awape vijana wake nafasi. Mtu wa pili aliyewasemea ni Bob Wooler, mtangazaji wa klabu, mtu mzima kidogo kuliko wote humo, aliyejua kupanga maneno na ambaye mwezi Agosti 1961 aliwaandikia sifa ndefu katika gazeti la muziki la mji, Mersey Beat.

Katikati ya hapo kulikuwa na Hamburg. Kuanzia Agosti 1960 vijana hawa walipelekwa Ujerumani kupiga katika klabu za eneo la St. Pauli, saa nne na nusu kwa usiku wa kawaida na saa sita mwisho wa wiki. George Harrison alikuwa na miaka 17 na alirudishwa kwao umri wake ulipogundulika. Safari ya pili, mwaka 1961, ilikuwa ya saa saba au zaidi kila usiku kwa miezi mitatu. Mabaharia na walevi wa Hamburg waliwafundisha kupiga kwa nguvu na kwa muda mrefu. Ila mteja wa Hamburg alipita tu. Kesho alikuwa baharini. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Beatles walipikwa Hamburg na Liverpool ikapakua tu. Ukimpigia mtu usiyemwona tena, unaweza kurudia kibao kile kile mara kumi. Mtaa wa Mathew ulikuwa na shida nyingine kabisa: watu wale wale, viti vile vile, siku baada ya siku.

Mchana wao wa kwanza kama Beatles ulikuwa tarehe 9 Februari 1961, kwa malipo ya pauni 5, ambazo waligawana watu watano. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba walipiga hapo mara 292 hadi Agosti 1963, mchana na usiku. Hebu fikiria bendi unayoipenda kuliko zote iwe inapiga karibu na kazini kwako mara mbili tatu kwa wiki, na wewe una shilingi.

Shabiki wa namna hii huchoka haraka na huonyesha uchovu wake kwa miayo. Kwa hiyo bendi ililazimika kuongeza nyimbo, na ikawa inachimba upande wa pili wa sahani za Kimarekani, ule ambao watangazaji hawakuugusa. Tatizo likawa kwamba kila kikundi cha Liverpool kilichimba huko huko. Ungekaa nyuma ya jukwaa ukasikia kikundi kilichotangulia kikipiga wimbo uliopanga kuanzia nao. McCartney amesema zaidi ya mara moja kwamba hii ndiyo sababu mojawapo yeye na Lennon walianza kuingiza nyimbo zao wenyewe: hizo hakuna aliyeweza kuwatangulia nazo. Nyimbo za mwanzo walizozijaribu humo zilikuwa dhaifu, na walijua, kwa sababu aliyezisikiliza alikuwa mita mbili mbele yao akila mkate. Uso wake uliwaambia.

Hapo ningependa tukae kidogo na suala la sauti, ambalo waandishi wa muziki hulipita kwa maneno kama "nguvu" na "msisimko". Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Katika handaki la mita thelathini, hata aliyesimama mwisho kabisa alilipata pigo la ngoma kabla sehemu moja ya kumi ya sekunde haijaisha. Aliyekaa mbele alilipata papo hapo kijiti kilipogusa ngozi. Jicho na sikio vilikubaliana. Ngoma hazikuwekewa kipaza sauti, kwa hiyo kilichosikika ni ngoma zenyewe. Magitaa yalitoka kwenye amplifaya zilizosimama nyuma ya wapigaji wake, na waimbaji peke yao ndio waliopitia spika za ukumbi. Maana yake ni kwamba hapakuwa na sauti moja ya Beatles mle ndani. Aliyekaa upande wa Harrison alipata gitaa lake kwanza na maneno ya wimbo baadaye. Aliyekaa mbele ya McCartney alitikiswa kifua na sanduku kubwa la spika ya besi ambalo Adrian Barber wa kikundi cha Big Three alilitengeneza, na ambalo wote waliliita jeneza. Kuchagua kiti kulikuwa kuchagua uwiano wa vyombo, na wasichana walilinda viti vyao kwa wivu.

Kisha kuna miili. Tofali halinyonyi sauti, huirudisha. Cavern ikiwa tupu, kila pigo lilirudi kutoka ukutani likakanyaga lililofuata. Makoti ya sufu na nywele zilizotunishwa humeza sauti, hasa zile kali za juu, kwa hiyo handaki likijaa muziki ulikauka na kunyooka, besi ikabaki imara chini yake. Mchana wa watu hamsini na mchana wa watu mia nne zilikuwa bendi mbili tofauti. Mhandisi wa sauti wa leo hutumia mashine kurekebisha jambo hilo. Humo lilirekebishwa na idadi ya waliolipa kiingilio.

Sasa weka kando yake uwanja wa Shea, New York, tarehe 15 Agosti 1965. Watu zaidi ya 55,000. Kampuni ya Vox ilikuwa imetengeneza amplifaya maalumu za wati 100, wakati zile walizozitumia Cavern kuanzia katikati ya mwaka 1962 zilikuwa za wati 30. Waimbaji walipitishwa kwenye spika za uwanja, zile za kumtangaza mchezaji wa besiboli. Jukwaa lilikuwa katikati ya uwanja, na mtazamaji wa karibu kabisa alikuwa mbali nao kuliko msichana wa kiti cha mwisho cha Mtaa wa Mathew. Aliyekuwa umbali wa mita mia moja aliona mkono wa Ringo ukishuka na karibu theluthi moja ya sekunde baadaye, kama sauti ilifika kabisa katikati ya vile vilio, akapata pigo. Bendi yenyewe haikujisikia. Walipiga nyimbo 12 kwa nusu saa na kuondoka. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 29 Agosti 1966 huko San Francisco, waliacha kabisa maonyesho ya kulipia, na sioni ajabu. Bendi iliyozoea kusoma nyuso ilikuwa imebaki na kelele, na kelele haina uso.

Nirudi chini. Mambo yaliyokuwa yakitokea kati ya wimbo na wimbo ndiyo wengi wa waliokuwepo huyasimulia kwanza. Maombi ya nyimbo yalipelekwa jukwaani kwa vikaratasi, na Lennon aliyasoma kwa sauti za kubeza. Walivuta sigara, wakatafuna, wakageuzia watu mgongo, wakajibizana na viti vya mbele kwa majina. Wasichana wengine, inasimuliwa, walikaa na vibana nywele vichwani chini ya vitambaa wakati vikundi vingine vikipiga usiku, wakavitoa Beatles walipokaribia kupanda. Vazi la bendi lilikuwa ngozi nyeusi kutoka Hamburg. Vazi la wateja lilikuwa na sheria: mlinzi wa mlangoni, Paddy Delaney, aliyevaa suti rasmi ya jioni huku amesimama kwenye uchochoro wa maboga na viazi, hakutaka jinzi klabuni.

Epstein aliyaona hayo hayo yote. Ameyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1964, A Cellarful of Noise. Wasichana waliyahesabu kama urafiki, yeye akayaona kama kasoro za kibiashara. Alipokuwa meneja alikataza kula jukwaani, kuvuta sigara, kutukana, akataka orodha ya nyimbo ipangwe kabla, akawashonea suti. Tarehe 5 Aprili 1962 kulifanyika humo usiku maalumu wa klabu ya mashabiki, na bendi ilipiga nusu ya kwanza ikiwa na ngozi nyeusi, nusu ya pili ikiwa na suti mpya. Sijawahi kuona mpango wa biashara uliowekwa hadharani kwa uwazi kiasi hicho. Mashabiki walionyeshwa kilichokuwa chao na kitakachokuwa cha wengine, kwa tiketi moja, na walipewa picha ya bure.

Hata hivyo Epstein alikuwa na akili ya kumwajiri mmoja wao. Freda Kelly alikuwa mpiga taipu wa mjini, miongoni mwa waliotoka mbio ofisini mchana kwenda Cavern, na aliwaona humo zaidi ya mara mia. Mwaka 1962, akiwa na miaka 17, alianza kazi kwa Epstein, na kwa miaka kama kumi akaendesha klabu ya mashabiki. Filamu ya maisha yake ya mwaka 2013, Good Ol' Freda, inasimulia jinsi barua zilivyokuja kwa maelfu zikiomba unywele wa Paul au kipande cha shati la Ringo, naye akahakikisha unywele unaotumwa ni wa mwenyewe hasa, aliuokota kwa kinyozi. Wasichana waliomsaidia walipojaribu kutuma nywele za mtu mwingine, aliwafukuza. Huu ni uaminifu wa mtu aliyeijua bendi ikiwa mita mbili mbele yake. Aliyeijua kwa picha za magazeti asingeona ubaya wa nywele za jirani.

Umiliki huo wa mashabiki ulikuwa na upande wake mkali. Tarehe 16 Agosti 1962 Epstein alimwambia Pete Best kwamba ameondolewa, na Ringo akachukua nafasi yake. Shabiki wa bendi ya Sikinde ya Dar es Salaam aliyewahi kuwa na meza yake DDC Kariakoo, akaja jioni moja na kukuta mwimbaji wake amehamia kwa wapinzani wao, Msondo, hatahitaji kuelezwa kilichofuata. Pete alikuwa mzuri wa sura, mkimya, na wengi walikuja kwa ajili yake. Isitoshe mama yake ndiye aliyewabishia mlango wa klabu. Watu walijaa Mtaa wa Mathew wakiimba kwamba wanamtaka Pete milele na Ringo kamwe. Ndani kulizuka purukushani, na Harrison akapigwa ngumi ya jicho. Tarehe 4 Septemba, walipoingia studio ya EMI mjini London kurekodi, mpiga picha aliwakuta hivyo: picha za siku hiyo zinamwonyesha Harrison na jicho lililovimba, alama ya mtu mmoja wa Liverpool aliyeamini kwamba alikuwa na haki ya kuulizwa.

Tuna ushahidi mwingine wa siku hizo. Tarehe 22 Agosti 1962, mchana, kikosi cha televisheni ya Granada kilishusha kamera na taa kwenye handaki na kuwarekodi wakipiga Some Other Guy, wimbo wa kopi kutoka Marekani. Nimeitazama filamu hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuitetea. Giza, matofali, vijana wanne wenye vizibao, nyuso zimeiva kwa joto la taa. Ringo ana siku chache tu katika bendi. Wimbo unakwisha, na kabla makofi hayajatulia sauti ya kijana inapenya wazi ikidai Pete arudishwe. Granada hawakuirusha wakati huo; ilionekana mwaka uliofuata, umaarufu ulipokwisha kuja. Ukitaka kujua chumba kidogo ni nini, acha kuwasikiliza waimbaji katika filamu hiyo na msikilize huyo kijana. Alisema, na bendi nzima ikamsikia. Kule Shea watu 55,000 walipiga kelele na hakuna aliyesikika.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Love Me Do ilitoka Oktoba 1962 na kufika nafasi ya 17. Please Please Me ilitoka Januari 1963. Usiku mmoja wa Februari Bob Wooler alipanda jukwaani Cavern kusoma habari: wimbo umeshika nafasi ya kwanza Uingereza nzima. Alitegemea shangwe. Alipata ukimya, na baadhi ya wasichana walilia.

Wanahabari wa baadaye wamewacheka kidogo kwa machozi hayo, wakiyaita wivu wa kitoto. Mimi nayaona kama hesabu sahihi iliyofanywa haraka na watu wanaojua thamani ya shilingi. Walielewa kabla ya Wooler, na huenda kabla ya Epstein, kwamba muziki huu ulitegemea chumba, na kwamba nafasi ya kwanza haiwezi kuingia chumbani. Sahani wangeweza kuinunua. Kwenye televisheni wangeweza kuwaona. Kikaratasi cha kuomba wimbo, utani wa fyuzi, kuwa mmoja wa wanaomeza mwangwi wa ngoma kwa koti lako, hayo hayakuwa na duka.

Beatles walipiga Cavern kwa mara ya mwisho tarehe 3 Agosti 1963, kwa pauni 300, mara sitini ya malipo ya mchana wao wa kwanza. Epstein aliahidi kwamba watarudi. Hawakurudi.

Klabu iliendelea, na hapa ndipo simulizi nyingi hukatika kana kwamba chumba kilikufa siku ile. Vikundi vingine viliendelea kupiga mchana na usiku, na vijana wa miaka 16 waliendelea kushuka zile ngazi kumi na nane wakiwa na vipenzi vyao wenyewe. Watalii nao walianza kuja. McFall alijiingiza katika miradi mingine, ikiwamo studio ya kurekodi, madeni yakakua. Kilichommaliza kina harufu inayolingana na mahali penyewe: vyoo vya Cavern havikuwa na mfereji wa maana wa maji machafu, mamlaka za jiji zikataka utengenezwe, na fedha za kuutengeneza hakuwa nazo.

Tarehe 28 Februari 1966 madalali walikuja kuifunga. Walikuta vijana wamejifungia ndani, wamerundika viti kwenye ngazi, na muziki unaendelea. Rory Storm and the Hurricanes, wale wale wa Mei 1960, walikuwa miongoni mwa waliopiga usiku huo. Mpiga ngoma wao wa zamani alikuwa sasa mmoja wa watu maarufu kuliko wote duniani. Wengi wa waliorundika viti walikuwa bado shule ya msingi wakati Lennon alipokuwa akisoma vikaratasi pale jukwaani, na hawakuwa wakimngoja arudi. Walikuwa na bendi yao mbele yao, mita mbili, na polisi walilazimika kuvunja kizuizi ndipo wawatoe.

Julai ya mwaka huo klabu ilifunguliwa upya chini ya wamiliki wengine, na Waziri Mkuu Harold Wilson, mbunge wa jimbo la jirani la Huyton, alikuja mwenyewe kukata utepe. Beatles walituma salamu kwa simu ya maandishi. Mfereji wa maji machafu ulikuwa mpya.